Kufufua Mashine Kongwe ya Mbao Namanyere: Hatua kwa Hatua, na Kama Inalipa

Mashine ya kurandia iliyotoka kiwandani Uingereza au Ujerumani miaka ya 1950 au 1960 haifi kirahisi. Mwili wake ni chuma kizito cha kalibu, yaani kasti, na vinavyochakaa ndani yake ni vichache: beringi, mkanda, visu, swichi na nyaya. Ndiyo maana mashine hizi bado zimo kwenye karakana za zamani za misheni, shule na taasisi, na kila baada ya muda moja hujitokeza mnadani ikiuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Seremala wa Namanyere akipata fununu ya mashine ya namna hiyo, iwe Sumbawanga, Mpanda au Mbeya, anajiuliza: niichukue, au niendelee kudunduliza mpaka ninunue mpya ya Kichina?

Jibu langu nalitanguliza. Mashine kongwe inalipa kwa fundi atakayeifanyia kazi mwenyewe, karibu kila siku, na aliyehakikisha mambo matatu kabla ya kutoa hela: kasti haijapasuka mahali penye mzigo, kichwa cha visu ni cha mviringo na shafti yake haijapinda, na umeme alio nao unaweza kuendesha mota. Likikosekana moja kati ya hayo, bei ndogo isikutie tamaa. Anayetaka kuifufua ili aiuze, hapa kwetu Nkasi, hataiona faida. Nitaeleza sababu nikifika kwenye hesabu.

Mfano nitakaoutumia ni mashine ya kurandia yenye meza mbili, maana ndiyo inayobadilisha kazi ya karakana kuliko nyingine zote. Pale msumeno wa duara unapotofautiana nayo nitasema.

Hatua ya kwanza: soma kibati

Tafuta kibati cha kiwandani, mara nyingi kipo mbele ya mwili au ubavuni karibu na mota. Kifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usikikwangue. Majina ya kutarajia katika mashine za Kiingereza ni Wadkin ya Leicester, kampuni iliyoanza 1897, Dominion ya Halifax, na Robinson ya Rochdale. Za Kijerumani unaweza kukuta Martin ya Ottobeuren. Zipo pia zilizotengenezwa nchini: kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kule Hai, kilichojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Bulgaria, kiliwahi kutengeneza mashine za mbao.

Usilipie jina. Kibati kinakufaa kwa mambo mawili tu: kujua mwendo na umeme unaotakiwa, na kujua kama vipimo vyake ni vya inchi au vya milimita. Bolti za mashine za Kiingereza za enzi hizo ni za inchi, nyingi zikiwa na uzi wa Whitworth wenye pembe ya nyuzi 55, wakati uzi wa milimita una nyuzi 60. Spana namba 13 au 17 itakaribia kushika, kisha itateleza na kumomonyoa kichwa cha bolti. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza weka kauli kwamba hakuna bolti itakayotupwa. Bolti ya Whitworth ukiipoteza utaitafuta Mbeya, na hata huko huenda usiipate, ikubidi ulipe fundi kereza aichonge.

Hatua ya pili: ikague kabla ya kutaja bei

Nenda mchana, ukiwa na tochi, brashi ya waya, rula ndefu ya chuma iliyonyooka, geji ya fila, nyundo ndogo na chaki. Omba kuisogeza mpaka penye mwanga.

Anza na kasti. Gonga kwa nyundo ndogo, polepole, kuanzia miguu mpaka ncha za meza. Kasti nzima hulia kama kengele, iliyopasuka hutoa sauti iliyokufa. Palipo na mashaka safisha kwa brashi, paka mafuta ya taa, futa, kisha pakaa unga wa chaki. Baada ya dakika chache mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki.

Ufa si lazima ukufukuze. Ukiwa kwenye mguu au mfuniko unatibika: toboa tundu dogo la milimita 3 hadi 5 kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee, kisha funga bamba la chuma kwa bolti, au uzibe kwa kuchomelea kwa shaba. Anayetaka kuchomelea kwa umeme atumie vijiti vya nikeli, apashe moto sehemu yote kwanza, na akimaliza aifukie kwenye majivu makavu ipoe usiku kucha. Wengi hukosea hapa wakidhani chuma ni chuma. Wahunzi wa Ufipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, zile tanuri ndefu za udongo, na chuma walichopata kilikubali nyundo mpaka kikawa jembe. Kasti haifuliki. Ina kaboni nyingi, kati ya asilimia 2 na 4, hivyo ukiigonga haipindi, inapasuka, na ukiipoza ghafla inapasuka pembeni ya pale ulipochomelea. Ufa ukiwa kwenye nyumba ya beringi au chini ya kichwa cha visu, achana na mashine hiyo. Sehemu hiyo ikiachia mashine ikiwa kwenye mwendo, vipande vitaruka.

Pili, kichwa cha visu. Fungua kinga uangalie kwa pembeni. Kama ni mviringo, endelea. Kama ni cha mraba, chenye visu vilivyofungwa kwa bolti kwenye nyuso zake, hiyo ni mashine ya kale kabisa, na kichwa hicho kisitumike kurandia kwa mkono. Uingereza ilikataza jambo hilo kwa kanuni za mashine za mbao za mwaka 1922, kwa sababu kichwa cha mraba huacha pengo pana kati ya meza mbili, na kidole kikiteleza mkono wote huzama. Cha mviringo nacho hukata, ila hakiruhusu mkono kuzama namna hiyo. Kuchonga kichwa kipya si kazi ya gereji ya kawaida, hivyo kwa fundi wa kwetu jibu ni kuiacha mashine.

Tatu, zungusha kichwa kwa mkono. Sogeza ncha ya msumari iliyobanwa kwenye kipande cha mbao mpaka ikaribie kugusa shafti, kisha zungusha. Pengo kati ya ncha na shafti likipanuka na kubana waziwazi, shafti imepinda. Kishike kichwa ukitikise juu na chini. Kikicheza, mara nyingi ni beringi tu, na beringi si tatizo.

Nne, meza. Weka rula yako juu ya meza kwa urefu, kwa upana na kwa pembe zote mbili, ukijaribu kupitisha fila chini yake. Pengo la milimita 0.1 halina shida kwa kazi ya milango na vitanda. Likizidi milimita 0.3 utapambana na mbao zilizopinda kila siku. Kutu ya juujuu isikusumbue hata kidogo, hata ikiwa nyekundu kama udongo wa kichuguu.

Hatua ya tatu: umeme, ambako wengi hukwama

Karibu kila mashine ya kiwandani ya miaka ile ilikuja na mota ya fezi tatu. Karakana nyingi za mitaani hapa Namanyere na vijijini zina fezi moja. Watu wananunua mashine, wanaisafirisha, wanaipaka rangi, kisha inakaa. Ulizia kwanza TANESCO kama fezi tatu ipo karibu nawe na itakugharimu nini kuivuta mpaka kwenye karakana, halafu ndipo urudi kwa muuzaji.

Kama fezi tatu haipatikani, njia ni mbili.

Njia ya kwanza ni kubaki na mota ya zamani na kuilisha kwa invata, kifaa kinachopokea fezi moja ya volti 230 na kutoa fezi tatu za volti 230. Soma kibati cha mota. Kikiandikwa 220/380 au 230/400, mota hiyo inaweza kuunganishwa kwa delta ikatumia volti 230, mradi ncha zake sita za nyaya zinafikika kwenye boksi. Kikiandikwa 380 au 415 peke yake, invata ya kawaida haitaitosheleza. Njia hii inafaa mota ya mpaka nguvu farasi 3 hivi. Ni laini kwa umeme pia, kwa sababu invata huamsha mota polepole.

Njia ya pili ni kuvua mota ya zamani na kufunga ya fezi moja yenye kapasita. Ni rahisi kuelewa na kila fundi umeme anaijua. Mota ya nguvu farasi 3, yaani kilowati 2.2, ikiwa na mzigo kamili huvuta karibu ampea 14, na wakati wa kuwaka huvuta mara kadhaa ya hizo kwa muda mfupi. Waya uwe wa milimita za mraba 4, usiwe ule mwembamba wa taa, na mashine iwe na njia yake peke yake kutoka kwenye swichi kuu.

Kabla ya kuamua, pima volti karakanani kwako mchana wa kazi na tena saa moja jioni. Umeme wa Rukwa kwa miaka mingi umetoka Zambia kwa laini ndefu, na penye laini ndefu volti hushuka watu wanapowasha. Mota inayolishwa volti 190 badala ya 230 huvuta ampea nyingi zaidi, hupata joto, na hatimaye huungua. Randa mchana, na funga kinga ya mota inayokata umeme ampea zikizidi. Ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na kusuka mota upya.

Mota yenyewe ikiwa imelala miaka mingi usiiwashe kuijaribu. Mpelekee fundi wa kusuka mota aipime kwa mega ya volti 500 kati ya koili na mwili. Ikisoma chini ya megaomu 1, aikaushe kwa joto dogo kwa siku moja au mbili kisha apime tena. Nyingi hupona kwa kukaushwa tu, maana kilichokuwa ndani ni unyevu wa masika.

Hatua ya nne: lipa na usafirishe

Dai risiti au barua yenye mhuri, hata ukinunua kwenye taasisi unayoifahamu. Chuma chakavu huibwa, na mashine yenye namba ya kiwanda hutambulika. Mashine ya kurandia ya inchi 12 ina mamia ya kilo, hivyo vua meza, mota na kiongozi cha mbao ndipo uinyanyue. Kamba ipite chini ya mwili, kamwe isifungwe kwenye meza wala kwenye kichwa cha visu. Kwenye lori ilazwe juu ya matairi chakavu na ifungwe pande nne.

Hatua ya tano: ifungue kwa mpangilio

Kabla ya kila nati piga picha kwa simu. Tumia makopo ya maziwa au mifuko midogo, kila sehemu na bolti zake, na uandike nje. Bolti iliyoganda imwagie dizeli, uiache mpaka kesho, kisha ujaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Isipokubali, pasha moto nati, sio bolti.

Utashangaa ndani ya mashine nyingi kukuta sehemu zinazong'aa pale palipokuwa na grisi. Mafuta yaliyoganda ni habari njema. Wakazi wa Kipili, Kirando na Kabwe wana ushahidi mkubwa wa jambo hili katika ziwa lao. Meli ambayo leo ni MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipandevipande, na Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isichukuliwe na adui. Kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, baada ya kukaa majini miaka mingi, injini zile zilifaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Kwa hiyo usiikwangue grisi ngumu kwa bisibisi. Ilainishe kwa dizeli, ifute, uone kilicho chini yake.

Hatua ya sita: kutu na rangi

Meza na sehemu bapa zisafishwe kwa dizeli na msasa laini uliozungushiwa kipande cha mbao kilichonyooka, ukisugua kwa urefu wa meza. Usitumie grainda yenye diski kwenye meza. Inachimba mabonde ambayo hutayaona mpaka uweke rula.

Vipande vidogo, kama vishikizo, skrubu za kurekebishia na vibano, viweke kwenye ndoo ya plastiki yenye maji na magadi ya kufulia, kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne au tano. Chukua chaja ya betri ya volti 12. Waya hasi ushike kipande chenye kutu, waya chanya ushike nondo au bati chakavu la chuma, na viwili hivyo visigusane. Acha saa kadhaa. Kutu itageuka tope jeusi linalotoka kwa brashi. Fanya kazi hii nje, mbali na moto, kwa sababu hewa inayotoka kwenye mapovu ni haidrojeni, nayo huwaka. Usitumie chuma kisichopata kutu, cha sufuria au vijiko, kwenye upande wa chanya, maana hutoa sumu ndani ya maji. Ukimaliza suuza sana, kausha juani, na upake mafuta papo hapo.

Rangi ya zamani huenda ina risasi. Usiisugue ikiwa kavu na usiichome. Ilowanishe, vaa barakoa, na watoto wakae mbali mpaka uchafu ufukiwe. Rangi mpya ni kwa ajili ya kuzuia kutu, basi. Nimeona mashine zikipakwa rangi kwa wiki nzima huku beringi zake zikiachwa kama zilivyokuwa. Ni kazi ya bure.

Hatua ya saba: beringi

Mashine nyingi za baada ya vita vikuu vya pili zina beringi za gololi. Zing'oe kwa pula ya kung'olea, sio kwa nyundo na patasi, na usome namba zilizochongwa ubavuni. Nyingi ni za kawaida: 6204 ni ya milimita 20 ndani, 47 nje na 14 unene; 6205 ni 25, 52 na 15; 6206 ni 30, 62 na 16. Hizi hutumika kwenye mashine za kusaga na pampu, kwa hiyo maduka ya vipuri Sumbawanga huwa nazo. Kama mashine ni ya inchi na beringi haipatikani, usikubali shafti ichongwe kupunguzwa. Fundi kereza atengeneze bushi ya kuziba tofauti kwenye nyumba ya beringi, shafti ibaki ilivyo.

Nunua beringi nzuri kuliko zote unazoweza kumudu. Kichwa cha visu kinazunguka zaidi ya mara 4,000 kwa dakika, na beringi bandia iliyofungwa kwenye boksi la kampuni maarufu hufa mapema na kuharibu shafti. Ibonyeze mahali pake kwa kusukuma pete inayokaza: ikikaza kwenye shafti sukuma pete ya ndani, ikikaza kwenye nyumba sukuma ya nje.

Mashine za kale zaidi zina beringi za madini laini meupe yaliyomiminwa, zisizo na gololi. Zikiwa nzima, zitunze kwa mafuta kila asubuhi na zitadumu. Zikiwa zimelika na hujui fundi wa kumimina, hesabu gharama ya kubadilisha nyumba zote mbili kabla hujanunua.

Hatua ya nane: puli na mwendo

Ukibadilisha mota, hesabu puli upya. Kanuni ni fupi: mwendo wa mota mara kipenyo cha puli ya mota, gawanya kwa kipenyo cha puli ya kichwa. Mota ya mizunguko 2,880 yenye puli ya milimita 150, ikivuta puli ya milimita 90, inatoa mizunguko 4,800, ambayo ni mwendo mzuri wa kurandia. Usizidishe uliomo kwenye kibati cha mashine.

Kwa msumeno, angalia mwendo wa ncha za meno, ambao uwe karibu mita 50 kwa sekunde. Msumeno wa milimita 400 unafika hapo kwa mizunguko 2,400. Mota ya 1,440 yenye puli ya milimita 200 kuelekea puli ya 120 inatoa hiyo hiyo 2,400.

Hatua ya tisa: visu

Ukifanya haraka hapa, kazi yote ya nyuma inaharibika. Kwanza chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi.

Nunua visu vya chuma cha kasi kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Visu vilivyochongwa kutoka kwenye springi ya gari visifungwe kamwe kwenye kichwa kinachozunguka kwa kasi hiyo. Pima uzito wa kila kisu kwenye mizani ndogo ya kidijitali. Vikitofautiana, noa kile kizito mpaka vilingane, la sivyo mashine itatetemeka.

Sasa viweke. Chukua kipande cha mbao ngumu chenye urefu wa sentimita 30 na ukingo ulionyooka kabisa. Kilaze juu ya meza ya kutolea mbao, ncha yake ikipita juu ya kichwa. Piga mstari wa penseli pale kipande kinapokutana na ukingo wa meza. Zungusha kichwa kwa mkono, taratibu, kwa mwelekeo wake wa kawaida. Kisu kitakigusa kipande, kitakinyanyua kidogo na kukibeba kuelekea meza ya kuingizia, halafu kitakiacha. Piga mstari wa pili. Nafasi kati ya mistari miwili iwe milimita 3 au 4. Fanya hivyo ncha ya kushoto ya kisu, kisha ya kulia, kisha kisu kinachofuata. Kisu kinachobeba milimita 6 kiko juu mno, kisichobeba kabisa kiko chini na hakitafanya kazi yoyote, wenzake watakibebea. Rekebisha mpaka visu vyote, pande zote, vibebe sawa. Kaza bolti kidogokidogo kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha pima tena, kwa sababu kukaza huwa kunasogeza.

Ukimaliza, mbao iliyorandwa itoke bila bonde mwishoni. Ikitoka na bonde, meza ya kutolea iko chini kuliko visu. Ikigonga ukingo wa meza hiyo, iko juu. Meza ya kuingizia iwe chini kwa milimita 1 au moja na nusu. Mninga na mkora hazitaki kung'atwa zaidi ya hapo. Mvule huficha vijiwe vyeupe ndani ya mbao, navyo hupasua makali ya kisu, kwa hiyo uupitishe kidogokidogo. Mbao za kubomoa nyumba zikaguliwe misumari moja moja.

Hatua ya kumi: kinga, kisha washa

Mashine nyingi za zamani zimepoteza kinga zake. Zitengeneze kabla ya kuwasha. Kinga ya kichwa cha visu ni ubao au bati imara linalofunika sehemu ya kichwa isiyotumika na kuinuka kwa kiasi cha mbao tu. Msumeno wa duara unahitaji kabari ya chuma nyuma yake, iliyopinda kufuata msumeno na isiyo mbali nao zaidi ya milimita 8, nene kuliko bati la msumeno lakini nyembamba kuliko njia inayokatwa. Bila kabari hiyo mbao hubana, msumeno huirusha nyuma, na hukuta tumbo lako. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde mashine zake, na inakuhusu hata ukiwa na kijana mmoja tu wa kukusaidia.

Unganisha waya wa ardhini. Ondoa spana mezani. Simama pembeni, usisimame mbele ya visu, washa na kuzima mara moja ukisikiliza. Kisha iache itembee dakika kumi bila mbao na ushike nyumba za beringi. Vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuvumilia mkono, zima: umekaza mno, umejaza grisi kupita kiasi, au mkanda umevutwa sana. Usivae glovu wala mikono mirefu iliyolegea. Mbao fupi kuliko sentimita 30 isirandwe kwenye mashine hii.

Hesabu

Nitatumia namba za mfano, weka zako. Tuseme mashine umeuziwa kwa 1,200,000. Lori na vibarua 250,000. Beringi 60,000. Visu 180,000. Mota ya fezi moja 700,000. Swichi, nyaya, mikanda na kinga ya mota 220,000. Fundi kereza na rangi 240,000. Siku zako 15 za kazi, kila moja 20,000, ni 300,000. Wengi hawajilipi, ndiyo maana hesabu zao hutoka nzuri. Jumla ni shilingi 3,150,000. Kama mpya yenye uwezo huo inafika Namanyere kwa 5,000,000, umetumia asilimia 63 ya bei yake. Mimi naweka ukomo kwenye theluthi mbili. Ukipita hapo chukua mpya, kwa sababu ya zamani haina dhamana na vipuri vyake vinahitaji kutafutwa.

Lakini kuokoa bei ni nusu tu ya swali. Tuseme mashine, baada ya kulipia umeme na kunoa, inakuingizia au inakuokolea 8,000 kwa kila siku unayoiwasha. Ukiiwasha siku 20 kwa mwezi ni 160,000, na gharama yako inarudi kwa karibu miezi 20. Ukiiwasha siku 6 kwa mwezi ni 48,000, na unahitaji zaidi ya miaka mitano. Fedha ya Ufipa hufuata mavuno: mahindi na alizeti vikiuzwa watu wanajenga, wanaagiza milango na vitanda, na masika yakishika oda zinapungua. Hesabu mwaka mzima, usihesabu Agosti peke yake. Kinachojaza siku za mashine ni kurandia mbao za mafundi wenzako kwa malipo. Kabla hujanunua, zungukia karakana za jirani uulize wangapi wangekuletea na kwa bei gani.

Na kuuza? Seremala anayeweza kutoa milioni nne au tano kwa mkupuo ni nadra hapa, na akiwa nazo atataka mpya yenye dhamana ya dukani. Utakaa na mashine, nayo itakaa na hela yako. Fufua ya kwako, ifanyie kazi. Ukishajulikana kwa hilo utaitwa kufufua za wengine kwa ujira, na hiyo ni biashara nzuri kuliko kuzinunua, kwa kuwa gharama ni ya mwenye mashine.

Asiye na fundi kereza anayemwamini atafute SIDO Sumbawanga, shirika lililoanzishwa 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, au walimu wa VETA. Wanajua nani ana mashine ya kukereza na nani anajua kuitumia.

Wenye karakana zilizolala, wakuu wa shule, mapadre na maafisa ugavi, nawaomba jambo moja. Kabla hamjaita mizani ya chuma chakavu, mwiteni seremala mmoja aje na tochi na rula. Inayopimwa kwa kilo huishia kwenye tanuri la nondo, wakati ambayo kasti yake ni nzima bado ina kazi ya miaka mingi ndani yake.